Nani Alitia Mafuta Zile Bodaboda?

Tarehe 17 Juni 2025 nilikuwa nimekaa dukani kwa jirani yangu hapa Likoni, Mombasa, runinga iko juu ya rafu ya sabuni, tukitazama bodaboda zikiingia katikati ya jiji la Nairobi. Zilikuja kwa msafara, zimepakia vijana wenye mijeledi na rungu. Watu walikuwa wametoka kumdaia haki mwalimu kijana, mwanablogu, aliyekamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni, akapelekwa jijini na kufia mikononi mwa polisi. Wale vijana wakawashukia waandamanaji kwa viboko mchana kweupe, na polisi wako pale pale. Siku hiyo hiyo mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa na askari aliyesimama karibu naye kabisa. Alifariki mwezi ulipokuwa ukiisha.

Mwenye duka akatikisa kichwa. "Ngoma hii tushaicheza huku," akasema.

Sikuhitaji kumuuliza lini. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likabeba bunduki na kuwafungulia mahabusu. Kisha wakaingia mitaani kutafuta wabara. Vibanda viliteketezwa, vikaratasi vikasambazwa vya kuwaambia watu wa bara warudi kwao. Mpaka hali ilipotulia, zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa na wapatao 100,000 wamehama makwao.

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na moja. Nyumbani tulikuwa na mpangaji, Mkamba aliyeuza mitumba, ambaye kila Ramadhani mamangu alimtolea sahani yake ya futari. Aliondoka alfajiri na godoro kichwani, akaenda kujihifadhi kanisa Katoliki pamoja na maelfu ya wenzake. Chumba alikifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Mamangu alikataa kulivunja hadi mwaka uliofuata, akisema mwenyewe atarudi. Tulipofungua tulikuta unga ulioingia fukusi, shati moja limetundikwa msumarini, na chini ya mkeka, kadi yake ya kura.

Uchaguzi ulikuwa umefanyika Desemba.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema fujo zetu ni "chuki za kikabila", nakataa. Chuki ipo, sibishi. Lakini chuki haikodi magari, haijui tarehe ya uchaguzi, wala haichagui ni eneo bunge gani la kuchoma. Vijana wale wa 1997 walikusanywa, wakalishwa kiapo, wakafunzwa katika msitu wa Kaya Bombo kule Kwale. Waliahidiwa mashamba na kazi. Na malalamiko waliyokuwa nayo yalikuwa ya haki, hilo lazima lisemwe: wapwani wengi walikuwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao, wanaitwa wavamizi na matajiri wasiowahi kuwaona, na ajira za bandarini na mahotelini wanazisikia tu. Wengi bado wako hivyo. Aliyeichukua dhuluma hiyo akaipa panga hakuwa na haja ya kuwapa watu mashamba. Alikuwa akipiga hesabu ya kura za wabara, ambazo zingekwenda kwa upinzani.

Na hesabu yenyewe haikutimia. Kiti cha ubunge cha Likoni kilichukuliwa na chama cha Shirikisho, KANU, chama kilichokuwa kikitawala, kikakikosa. Waliokula kiapo hawakupata hata kiwanja cha kujenga banda. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza mashahidi kuhusu vurugu hizi na zile za Bonde la Ufa, ikamaliza kazi yake 1999, na ripoti ikafungiwa mpaka Oktoba 2002.

Mchezo huu haukuanza wala kuishia Likoni. Juni 1999 Mchungaji Timothy Njoya alipigwa vibaya nje ya Bunge na wahuni waliojulikana kama Jeshi la Mzee, kamera zinamwona. Baada ya uchaguzi wa 2007 tukazika zaidi ya watu 1,100. Jaji Waki, aliyeongoza tume ya kuchunguza vurugu hizo, naye akaandika ripoti yake, kesi zikapelekwa kwenye mahakama ya kimataifa ya The Hague, na kufikia Aprili 2016 zote zilikuwa zimeporomoka. Kila mara tumebaki na makaburi na vitabu vya ripoti. Mlipaji hatujawahi kumfikia.

Maneno nayo hutangulia. Yule anayeitwa doadoa leo, yaani mgeni asiye wa kabila la wenyeji, ni yule yule anayetakiwa kesho afute nyayo zake mtaani. Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi wa 2022, "madoadoa" likiwemo, na nadhani ilifanya vyema, ingawa neno moja likizuiwa wanasiasa hutunga jingine kabla ya Ijumaa.

Ninachokiogopa sasa ni kwamba jambo hili limekuwa kazi kama kazi nyingine. Zamani ilikuwa siri ya msituni; leo kijana anaulizwa kama Jumamosi ana nafasi. Wala si upande wa serikali peke yake. Wapo wapinzani walio na vijana wao wa kuzomea na kurusha mawe, na kila mmoja anadai wake ni walinzi. Agosti 2027 tunapiga kura tena.

Hata hivyo kuna kitu ambacho Akiwumi hakuwa nacho. Mwaka 1997 pesa zilipita kwenye bahasha. Leo zinapita kwenye simu, zikiwa na nambari, saa na jina la aliyezituma. Dola iliyoweza kumtafuta mwalimu mpaka Homa Bay kwa maneno aliyoandika haiwezi kutuambia kwamba haijui nani alitia mafuta zile bodaboda. Kumshika kijana wa mjeledi peke yake hakunitoshi. Nataka kumwona kizimbani yule aliyempigia simu.

Mwezi uliopita kijana wa mtaani kwetu, aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo ya kuendelea, alikuja barazani kwangu.

"Ami, nimepata kazi ya siku moja. Fulana, chakula na elfu moja."

"Kazi gani?"

"Kukaa tu mkutanoni. Tukipewa ishara ndiyo tuanze."

"Muanze nini?"

Akanyamaza. Nikamuuliza anayelipa ni nani, akatoa simu akanionyesha. Mia tano za kwanza zilikuwa zimeshaingia, na jina la mtumaji liko pale pale kwenye ujumbe.

Nikaingia ndani nikamtolea ile kadi ya kura, ambayo mamangu aliniachia. Aliishika muda mrefu, akaisoma jina, akauliza kama mwenyewe alirudi. Nikamwambia hatukumwona tena.

Tulikaa mpaka adhana ya isha. Kisha akazirudisha zile mia tano kwa mwenyewe. Ada ya kutuma niliitoa mimi.