Saa 72 za Kuhamisha Nyumba

Jiji la Seattle, hapa Marekani, lina sheria inayokataza gari kukaa mtaani, eneo lilelile, zaidi ya saa 72. Kwa mwenye nyumba yake na Toyota yake, sheria hiyo haimgusi. Gari linatoka kila asubuhi kwenda kazini. Anayeguswa ni yule ambaye gari ndiyo nyumba. Kitanda kimo humo, jiko limo humo, vyeti vya watoto vimo humo, na injini pengine ilishakufa zamani. Kwake yeye hiyo ni amri ya kuhama, na inarudi kila baada ya siku tatu.

Kuna nyingine wasiyoijua wengi. Gari lenye upana unaozidi inchi 80 haliruhusiwi kuegeshwa barabarani kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, isipokuwa katika maeneo ya viwanda. Sasa chukua futi ukapime zile RV, magari-nyumba tunayoyaona kando ya barabara: mengi yana inchi 96 mpaka 102. Kwa kipimo hicho kimoja mtaa wote wa makazi umefungwa, na watu wanasukumwa kwenye maeneo ya viwanda ya jiji: SODO, Georgetown na upande wa viwanda wa Ballard, ambako usiku hakuna duka, hakuna choo, na malori yanapita yakitikisa kuta.

Kazi yangu hunipitisha Georgetown mara kwa mara, na huko nimeona jambo linaloniudhi kuliko sheria yenyewe. Wenye karakana na maghala wameweka mabonge makubwa ya zege kando ya barabara ili RV zisipate pa kusimama. Barabara ni ya umma, na kuyaweka pale bila kibali ni kosa. Lakini mabonge yapo, mengine yameanza kuota ukungu. Aliyejimegea barabara kwa zege hakosi usingizi kwa hofu. Aliyelala kwenye gari bovu ndiye anayeamshwa na karatasi ya onyo kwenye kioo.

Nisieleweke vibaya. Majirani wana malalamiko ya kweli, na anayewaita wabaguzi wote hajawahi kuishi karibu na msururu wa magari hayo. Tangi la choo likijaa na huna pa kulimwaga, uchafu unaishia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Jenereta linanguruma usiku kucha. Mtungi wa gesi ndani ya gari la mbao na plastiki ni hatari ya moto, na moto hutokea. Wapo pia wajanja wanaookota RV mbovu kwa bei ya kutupa, wakazipanga barabarani na kuzikodisha kwa watu wasio na pa kwenda. Huyo ni mwenye nyumba asiye na wajibu hata mmoja wa mwenye nyumba: bomba likivuja si lake, gari likivutwa na jiji na kuondolewa, anayepoteza ni mpangaji. Kwa hao, mimi mwenyewe ningetaka sheria kali zaidi.

Ila tazama kuvutwa kunamfanyia nini mtu wa kawaida. Kesi ya Seattle dhidi ya Long inaonyesha vizuri. Mwaka 2016 fundi mmoja, huyo Long, alikuwa akilala kwenye gari lake aina ya GMC, zana zake zote za kazi zikiwa humo, limeegeshwa kwenye kiwanja cha jiji. Gari lilikuwa bovu, na aliwaambia polisi kwamba anaishi humo. Likabandikwa onyo, kisha likavutwa yeye akiwa kazini. Akalala chini, nje, kwenye mvua ya Oktoba, na Oktoba ya hapa tunaijua. Gharama za kuvuta na kuhifadhi zikapunguzwa hadi dola 547 na senti kidogo, alipe dola 50 kila mwezi, naye kipato chake ni dola mia chache tu kwa mwezi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Jimbo la Washington, lenye jiji la Seattle, ikasema gari lile lilikuwa makazi yanayolindwa na sheria ya kulinda nyumba ya mtu dhidi ya wadai, na kwamba kumtoza fedha zile mtu wa hali yake ni adhabu iliyopita kiasi. Haikusema jiji lisivute magari. Ilisema tu kwamba mfuko wa mtu unapaswa kuangaliwa.

Miaka mitatu baadaye, Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Grants Pass, mji mdogo wa Oregon, kwa kura sita dhidi ya tatu: miji inaweza kuwaadhibu watu kwa kulala hadharani hata kama hakuna kitanda cha kuwapa. Kwa hiyo usitegemee sana mahakama.

Ndugu zetu nyumbani Afrika ukiwasimulia haya wanadhani unawatania ili usitume hela. Mtu ana kazi, ana leseni, ana gari, halafu hana nyumba? Ndiyo. Kima cha chini cha mshahara Seattle mwaka 2025 kilikuwa dola 20.76 kwa saa, na bado mtu wa mshahara huo anahesabu mara mbili kabla ya kusaini mkataba wa chumba. Wapo wabeba boksi wenzetu, wahamiaji wa kazi za mikono, waliowahi kulala garini, basi tu hawasemi, kwa aibu.

Na hapa ndipo ninapotaka kutugusa sisi wenyewe. Sheria ya jimbo ya mwaka 2020 inazipa taasisi za dini haki ya kuwakaribisha wanaoishi kwenye magari walale katika maegesho yao. Mji hauruhusiwi kubana idadi chini ya nafasi moja kwa kila nafasi kumi za maegesho, mradi choo kipo, na RV zikipokelewa, maji machafu yamwagwe panapostahili. Katika mji wa Tukwila, jirani na Seattle, kanisa la Riverton Park liliwapokea kwenye mahema waomba hifadhi wengi, wakiwemo Wakongo. Sisi tuna ibada za Kiswahili katika miji jirani ya Kent, SeaTac na kwingineko, na nyuma ya majengo mengine kuna lami pana inayokaa tupu Jumatatu hadi Jumamosi.

Najua tutakachosema: bima, majirani, na nani atawasimamia. Basi tusianze na RV. Tuanze na magari madogo machache, ya familia zinazofahamika, kwa makubaliano ya maandishi na mji. Sheria yenyewe imeacha nafasi ya makubaliano hayo. Na mzee wa kanisa akiuliza nani atakuja kufungua choo saa tisa usiku, ufunguo apewe anayelala pale.