Ibara ya 48 na anga la Goma

Juni 2017, nahodha mmoja aliyekuwa Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk alitazama GPS yake ikamwonyesha kwamba meli iko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik, zaidi ya kilomita 32 kutoka alipokuwa. Akawaita wenzake kwa redio. Nao, meli 20 na ushei, walikuwa "uwanjani" hapohapo.

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yake yakifika ardhini yanakuwa hafifu mno, kiasi kwamba mtambo mdogo unaopiga kelele kwenye masafa yaleyale unayafunika kabisa. Hiyo ndiyo njia ya kibabe ya kuvuruga GPS. Ya kijanja ni kurusha mawimbi ya uongo yanayofanana na ya kweli: kifaa hakilalamiki, kinakuonyesha tu kwamba uko mahali ambapo hupo. Mimi hii ya pili ndiyo inayonitisha, maana anayedanganywa hajui kwamba anadanganywa.

Wanajeshi wana namna zao za kujinusuru. Kule Ukraine, makombora ya mizinga ya Excalibur kutoka Marekani, yanayoongozwa kwa GPS, yalianza kukosa shabaha kwa sababu ya uvurugaji wa Warusi. Droni nazo zilipozidi kukatwa mawasiliano, pande zote mbili zikageukia droni zinazovuta uzi wa faiba nyuma yake kwa kilomita kadhaa, hadi kuna mashamba yaliyotapakaa nyuzi hizo. Pasipo na mawimbi, hakuna cha kuvurugwa. Ndege ya abiria haiwezi kuvuta uzi.

Aprili 2024 ndege mbili za Finnair zilizokuwa zikienda Tartu, Estonia, zililazimika kurudi Helsinki kwa sababu ya GPS kuvurugwa. Shirika likasitisha safari hizo mwezi mzima hadi uwanja upate njia nyingine ya kuongoza ndege. Estonia waliweza. Na Goma, mji wa mashariki mwa Congo, je?

Mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Congo waliripoti kwamba GPS ilikuwa ikivurugwa na kudanganywa Kivu Kaskazini, kwenye maeneo yaliyoshikwa na waasi wa M23, na wakalihusisha jeshi la Rwanda. Rwanda imekuwa ikikana kuisaidia M23. Kijeshi hesabu inaeleweka: serikali ya Kinshasa ilikuwa imenunua droni za CH-4 kutoka China, na adui yake alitaka zipofuke. Lakini anga lile lile ndilo lililokuwa likipitisha ndege za misaada na za kubeba majeruhi, na kaskazini mwa mji wa Goma umesimama mlima wa volkano wa Nyiragongo, mita 3,470, mara nyingi umejifunika mawingu. Rubani anayeonyeshwa kwamba yuko juu ya ziwa kumbe anaukaribia mlima hana pa kukata rufaa.

Sheria ipo, na ndiyo inayoniudhi. Katiba ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia masafa ya redio, inakataza katika Ibara ya 45 kuingilia mawasiliano ya wengine kwa namna yenye madhara. Ukisonga mbele hadi Ibara ya 48 unakuta nchi wanachama zimebakiziwa uhuru wote kuhusu mitambo ya redio ya kijeshi, ila tu izuie madhara "kadiri inavyowezekana". Kamanda gani atakayekiri kwamba iliwezekana? Machi 2025 ITU, pamoja na mashirika ya kimataifa ya usafiri wa anga na wa baharini, ilitoa tamko la pamoja la kuonyesha wasiwasi mkubwa. Tamko zuri. Ibara ya 48 iko palepale.

Sidai majeshi yazime mitambo yao. Hakuna atakayekubali, na anayejilinda dhidi ya droni ana haki ya kujilinda. Ninachodai ni kidogo: anayewasha mtambo wa kuvuruga alazimike kutoa tahadhari kwa marubani na manahodha, na kudanganya GPS karibu na njia za ndege za raia kupigwe marufuku bila kisingizio cha kijeshi. Katiba ya ITU hubadilishwa kwenye mkutano mkuu unaofanyika kila baada ya miaka minne, na kila nchi ina kura moja. Kura ya Burundi ni sawa na ya Urusi. Tanzania, ambayo askari wake walikuwa Kivu na kikosi cha SADC, ingefaa iwe ya kwanza kupeleka hoja hiyo, na Congo iiunge mkono.