Komoro na Maore: kura moja, hesabu mbili

Tarehe 22 Desemba 1974 wakazi wa visiwa vinne vya Komoro, yaani Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore, waliitwa kupiga kura juu ya swali moja: je, wanataka nchi yao ijitoe mikononi mwa Ufaransa na kuwa huru? Kwa visiwa vyote pamoja, karibu asilimia 95 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Kwa Maore peke yake, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, karibu theluthi mbili walisema hapana, na kura zao hazikufika 9,000. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na mzozo wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, na Paris ungali umesimama pale pale: kura zile zilipaswa kuhesabiwa kwa jumla ya visiwa vyote, au kisiwa kimoja kimoja?

Nauweka msimamo wangu mapema ili msomaji aupime. Naona Ufaransa ilikosea, kwa sababu ilibadili kipimo baada ya kuona matokeo. Lakini naona pia kwamba hofu ya Wamaore ilikuwa ya kweli, na kwamba walioipuuza waliidhuru Komoro kwa mikono yao wenyewe.

Kila upande huanza na historia, na kila upande huanzia pale panapoufaa. Watetezi wa umoja wa Komoro husema kwamba watu wa visiwa hivi ni wamoja kwa dini, kwa mila na kwa damu. Lugha zao, shingazidja, shinzwani, shimwali na shimaore, ni ndugu za karibu wa Kiswahili, kiasi kwamba msikilizaji wa Mombasa au Unguja huokota neno hapa na neno pale bila kufundishwa. Ni nadra kupata ukoo mkubwa wa Nzwani usio na jamaa Maore. Hayo yote ni kweli. Watetezi wa Maore ya Kifaransa nao hujibu kwamba hapakuwa na sultani hata mmoja aliyewahi kuvitawala visiwa vyote vinne, kwamba masultani hao walivamiana mara kwa mara, na kwamba sehemu ya wakazi wa Maore huzungumza Kibushi, ambacho ni lugha ya Kimalagasi. Wanakumbusha kwamba Maore ilitolewa kwa Ufaransa kwa mkataba wa tarehe 25 Aprili 1841, na aliyeutia saini ni Andriantsoly, mtawala Msakalava aliyetoka Madagaska na aliyekuwa amebanwa na mahasimu wa visiwa jirani. Visiwa vile vingine vitatu viliingia chini ya ulinzi wa Ufaransa mwaka 1886 tu, miaka zaidi ya arobaini baadaye. Hayo nayo ni kweli.

Hata hivyo, sidhani historia hiyo ya kale inaweza kuamua kesi. Kama sharti la uhuru lingekuwa kwamba nchi iwe ilitawaliwa na mfalme mmoja kabla ya kuja mkoloni, basi Tanganyika isingepata uhuru, wala Kenya, wala karibu nchi yoyote ya bara letu. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba Ufaransa yenyewe iliviunganisha visiwa vinne kwa sheria ya mwaka 1912 na kuviweka chini ya Madagaska, kisha mwaka 1946 ikavitenga na Madagaska vikiwa bado eneo moja lenye utawala mmoja. Aliyechora mpaka huo na kuutumia kwa zaidi ya miaka sitini hakuwa na sababu nzuri ya kuukana siku ya kuondoka.

Upande wa Maore nao unahitaji kusikilizwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka katika maandishi ya Kiafrika, ambamo Wamaore huitwa vibaraka na mjadala ukafungwa. Makao makuu ya koloni yalikuwa Dzaoudzi, kwenye kisiwa kidogo kando ya Maore. Mwaka 1958 baraza la visiwa lilipiga kura ya kuyahamishia Moroni, na katika miaka ya 1960 ofisi, mishahara na watumishi vikahama kweli. Kwa kisiwa kilichokuwa na wakazi wachache na wawakilishi wachache barazani, uamuzi huo ulikuwa pigo la riziki na pigo la heshima kwa wakati mmoja. Tarehe 2 Novemba 1958 wazee na wakuu wa Maore walikutana Tsoundzou na kudai kisiwa chao kifanywe sehemu kamili ya Ufaransa.

Walioubeba mzozo huo mabegani walikuwa wanawake. Waume walipohamia Moroni kufuata kazi, wao ndio waliobaki na nyumba, watoto na biashara iliyodorora. Chini ya uongozi wa Zéna M'Déré, na wenzake kama Zaïna Méresse, walibuni silaha ambayo sijui kama imewahi kutumika kwingine katika siasa: waliwazingira mawaziri na maofisa waliotumwa kutoka Moroni, wakawatekenya mpaka wakashindwa kusema, wakarudi walikotoka. Ndiyo maana Wafaransa wakawaita watekenyaji. Haukuwa mzaha. Mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, alipoteza maisha katika vurugu, na anakumbukwa Maore hadi leo kama shahidi wa harakati hiyo. Wanaume kama Younoussa Bamana na Marcel Henry waliipeleka hoja bungeni Paris, lakini nguvu yake ilitoka kwenye vijiji na kwenye wanawake hao. Harakati iliyosimama miaka mingi kiasi hicho, tena kwa watu wasio na cheo, haiwezi kuelezwa kwa neno moja la kibaraka.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Sauti ya kwanza kubwa ya kudai uhuru wa Komoro haikutoka Moroni bali Dar es Salaam, ambako Wakomoro waliokuwa wakiishi huko waliunda chama cha MOLINACO mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakatambuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Viongozi wa visiwani, wakiongozwa na Said Mohamed Cheikh mpaka kifo chake mwaka 1970, waliridhika na madaraka ya ndani. Wazo la uhuru lilipokubalika Moroni mwaka 1972, chini ya Ahmed Abdallah, mkuu mpya wa serikali ya visiwa, lilikuja kwa haraka, na sioni kwamba kulikuwa na juhudi ya maana ya kukaa na Wamaore na kuwapa dhamana katika katiba: mgao wa madaraka, nafasi serikalini, au japo ahadi ya maandishi. Walitakiwa kutii wingi. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo kosa kubwa la upande wa Komoro, na halifutwi na kosa la Ufaransa.

Tuje sasa kwenye kosa la Ufaransa. Mwezi Juni 1973 Paris na Moroni zilikubaliana kwamba uhuru utafikiwa ndani ya miaka mitano. Mwezi Oktoba 1974 Rais Valéry Giscard d'Estaing alisema hadharani kwamba haingii akilini kwamba sehemu ya visiwa iwe huru na kisiwa kimoja kibaki na hadhi nyingine. Lakini bunge lake, likisukumwa na watetezi wa Maore, liliandika katika sheria ya Novemba 1974 kwamba wanaoulizwa ni jamii za Komoro, kwa umbo la wingi, si jamii moja ya Komoro, na neno hilo dogo likaacha mlango wazi wa kuhesabu kila kisiwa peke yake. Matokeo ya Desemba yalipojulikana, mlango ukatumika. Sheria ya tarehe 3 Julai 1975 ilitaka katiba ya nchi mpya ikubaliwe na kila kisiwa peke yake. Siku tatu baadaye, tarehe 6 Julai, Abdallah akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne bila kungoja. Tarehe 12 Novemba Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne, ukivitaja kimoja kimoja kwa majina.

Watetezi wa Paris husema kwamba haki ya kujiamulia ni ya watu, si ya mistari kwenye ramani, na kwamba kifungu cha 53 cha katiba ya Ufaransa kinakataza kuitoa ardhi yoyote bila ridhaa ya wakazi wake. Hoja hiyo ina mvuto, na nakiri kwamba kama ingewekwa mezani kabla ya kura, Moroni ingelazimika kuijibu. Lakini azimio namba 1514 la Umoja wa Mataifa la mwaka 1960, ambalo ndilo msingi wa kuondoka kwa wakoloni, linakataza kuvunja umoja wa ardhi ya nchi inayopewa uhuru. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake kuhusu visiwa vya Chagos ambavyo Uingereza ilivimega kutoka Morisi, ilieleza kwamba haki ya kujiamulia huambatana na eneo zima, na kwamba kumega kipande bila ridhaa huru ya watu wa eneo husika ni kinyume cha haki hiyo. Kesi hizi mbili hazifanani kwa kila jambo, kwa sababu Wachagos walifukuzwa na Wamaore waliomba kubaki. Hata hivyo kanuni ni ile ile.

Tena kura ya pili ya Maore haikuwa safi kama inavyosimuliwa. Tarehe 6 Februari 1976 Ufaransa ilitumia kura ya turufu katika Baraza la Usalama kuzuia azimio lililoipinga, na siku mbili baadaye Wamaore wakapiga kura: zaidi ya asilimia 99 walichagua kubaki. Chini ya miezi kumi na minne kabla yake, zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura wa kisiwa hicho hicho walikuwa wametaka uhuru. Watu hao walikwenda wapi? Wengi wa wale waliounga mkono Moroni walinyanyaswa na kufukuzwa kisiwani katika miezi ile. Theluthi nzima ya kisiwa haibadili nia kwa muda mfupi hivyo. Ama iliondoka, ama ilinyamaza.

Wamaore huwa na jibu, na ni jibu zito: tazameni kilichofuata. Abdallah alipinduliwa tarehe 3 Agosti 1975, hata mwezi haujaisha tangu atangaze uhuru. Ali Soilih aliyeongoza mapinduzi hayo aliuawa mwaka 1978 baada ya mamluki wa Bob Denard kumrudisha Abdallah, na Abdallah mwenyewe akauawa ikulu mwaka 1989 wakati mamluki hao hao ndio walinzi wake. Nani angetaka kujiunga na hayo? Lakini jibu hilo lina upande wa pili. Denard alikuwa Mfaransa, na ni vigumu kuamini kwamba alikaa Komoro zaidi ya miaka kumi bila Paris kufumba jicho. Ufaransa iliondoa watumishi na misaada yake ghafla mwaka 1975, ikaiacha nchi changa bila walimu na bila madaktari wa kutosha. Si haki kumvunja mtu mguu kisha kumtolea mfano kwa kuchechemea.

Jaribio gumu zaidi kwa hoja ya kisiwa kimoja kimoja lilikuja Agosti 1997, pale Nzwani ilipojitangazia kujitenga na Moroni na kuomba irudishwe chini ya Ufaransa. Bendera ya Ufaransa ilipandishwa mitaani Mutsamudu. Paris ilikataa. Kama nia ya kisiwa ndiyo sheria, kwa nini nia ya Nzwani haikuwa na thamani? Sijawahi kusoma jibu la kuridhisha. Mzozo huo ulizaa katiba ya mwaka 2001 iliyowapa visiwa mamlaka makubwa na kuzungusha urais kati yao, yaani zile zile dhamana ambazo Wamaore hawakupewa mwaka 1975. Na ulipofufuka tena, ni wanajeshi wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwa miongoni mwao, walioingia Nzwani Machi 2008 kumng'oa Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa hicho aliyegoma kuachia madaraka, ambaye alikimbilia Maore.

Mwaka 2009 Wamaore walipiga kura tena, na takriban asilimia 95 wakataka kisiwa kiwe mkoa kamili. Tangu Machi 2011 ni mkoa wa 101 wa Ufaransa. Kura hii siwezi kuitilia shaka kama ile ya 1976. Wapo leo Maore watu wazima ambao hawajaishi chini ya bendera nyingine, na mpango wowote wa kuwahamisha bila kuwauliza ungerudia kosa lile lile kwa upande mwingine. Lakini hadhi hiyo haijaleta neema iliyoahidiwa. Takwimu za serikali ya Ufaransa zilionyesha kwamba wakazi 77 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini wa taifa hilo, na kimbunga Chido kilipopiga tarehe 14 Desemba 2024 kilizifagia nyumba za mabati milimani kana kwamba hazikuwahi kuwapo. Karibu nusu ya wakazi ni wageni kwa mujibu wa karatasi, wengi wao kutoka Komoro. Wamaore wanalalamika kwamba hospitali na shule zimezidiwa, na malalamiko hayo si uzushi.

Tukiacha sheria na bendera, gharama kubwa ya mzozo huu inalipwa baharini. Tangu Januari 1995 Ufaransa inamtaka Mkomoro awe na viza ili aingie Maore, na anayeikosa hupanda mashua ndogo iitwayo kwassa-kwassa kuvuka kilomita 70 hivi za mkondo kutoka Nzwani. Ripoti ya maseneta wa Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa katika njia hiyo. Idadi hiyo haishindi kura za hapana za mwaka 1974 kwa hakika, lakini inakaribiana nazo kiasi cha kutisha. Moroni inaweza kuendelea kushikilia dai lake, na Paris inaweza kuendelea kulikataa, huku pande zote mbili zikikubaliana juu ya safari halali, ya bei nafuu na yenye vibali vya muda kwa mgonjwa, mfanyabiashara na mfiwa. Hakuna kifungu cha katiba ya nchi yoyote kati ya hizo mbili kinacholizuia hilo. Miaka ishirini ya kwanza baada ya bendera kutengana, mtu wa Nzwani aliyepata habari ya msiba Mamoudzou, mji mkubwa wa Maore, alivuka akazika, akarudi kwake.