Sisi wa kuungaunga

Mtaani kwetu Tanga, mtu akitaka kukushusha mbele za watu anauliza tu, "Huyu si aliungaunga?" Yaani kidato cha tano hukukikanyaga, ulianza na cheti, ukaja diploma, ndipo ukaingia chuo kikuu. Mimi ni wa huko, na neno lenyewe silikatai. Ninachokataa ni namna linavyowapotosha wadogo zetu.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa dukani kwa ami, nimeazima simu yake. Division four, daraja la mwisho la kufaulu, pointi 30. D tano, F mbili. Kidato cha tano kinataka angalau C tatu, na mimi sikuwa na hata moja. Ami akazihesabu zile D kwa kidole kwenye kioo cha simu, akafika Elimu ya Dini, akairuka. "Hii vyuoni hawaihesabu, mwanangu." Zikabaki nne, na nne ndizo zinazotakiwa kuanza cheti. Nilitoka jasho.

Nikaenda kusoma uhasibu. Sasa nipige hesabu ambayo wazazi wengi hawaipigi. Cheti mwaka 1, diploma miaka 2, shahada miaka 3: jumla 6. Aliyepita kidato cha tano na sita ana miaka 2, kisha 3: jumla 5. Kelele zote zile ni za mwaka mmoja! Tena ada ikinikatikia njiani, nina diploma ya kuombea kazi, wakati mwenzangu wa kidato cha sita ana Historia, Jiografia na Lugha.

Tatizo ni mfuko. Tangu 2022 kidato cha tano na sita katika shule za serikali hakina ada. Sisi tulilipa, na mama anajua ni vitenge vingapi viliuzwa.

Lakini kilichowaangusha wengi wetu hakikuwa ada. Ukishaambiwa kwamba unaungaunga, unakiona chuo kama kituo cha basi: uko hapo kusubiri gari, si kufanya kazi. Darasa letu la diploma lilijaa watu wa "ilimradi nimepita". Sapu, yaani mtihani wa kurudia somo, ikija, wanacheka. Hakuna aliyetuambia kwamba mtihani wa kuingia chuo kikuu tulikuwa tumeshaanza kuufanya. Kwa mwenye diploma, mlango wa shahada unafunguka kwa GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote, ya 3.0, sawa na B, na GPA haipandi kwa wiki mbili za kukesha na madesa mwishoni. Rafiki yangu mmoja alimaliza na 2.9. Pointi sifuri nukta moja, mtu mwerevu kuliko mimi, kisa somo moja la muhula aliodhani hauna maana. Ilibidi azungukie kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, mwaka mwingine huo.

Na hata ukiwa na 3.0 usijiachie. Maombi ya chuo kikuu yanataka namba ya uhakiki kutoka NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya cheti na diploma, nayo haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo. Chuo changu kilichelewa. Wiki nzima nilikuwa mlangoni kwa msajili, nasalimia kila anayeingia, mpaka mlinzi akanizoea akawa ananipa kiti.

Chuo kikuu ndiko nilikocheka mimi. Wiki ya tatu mwalimu katoa zoezi la leja na urari. Jamaa mmoja, division one ya kung'aa, kanigeukia kwa sauti ya chini: "Debiti inakaa upande gani?" Nikamwonyesha kushoto. Kufika mwezi wa pili kundi letu la majadiliano lilikuwa linakaa pale nilipokaa mimi. Muhula wa pili yeye akanipita kwenye takwimu, na akanifundisha bila kunisimanga.

Mwaka huu mdogo wangu kaleta D nne, moja ikiwa ya Dini. Ami kairuka tena kwa kidole kilekile. Dogo alitaka kununa, nikampeleka kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anarudia Jiografia na Uraia. Asubuhi anamsaidia ami dukani, jioni namsikia uani akisoma ramani kwa sauti.