Kipandikizi cha Maumivu: Betri ya Pili Atailipa Nani?

Nchini Marekani, mifuko ya fidia na kampuni za bima zimebishana kwa miaka na wafanyakazi walioumia kazini juu ya kipandikizi cha maumivu, yaani kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ili kipeleke umeme hafifu kwenye uti wa mgongo kwa nyaya nyembamba na kupunguza maumivu sugu. Kwetu Tanzania kifaa hicho bado ni nadra. Swali lake, yaani nani akilipie na hadi lini, hata hivyo, linatuhusu, kwa kuwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao hulipia matibabu, na Dodoma ya leo, kuanzia Mtumba hadi Msalato, ni mji wa majukwaa ya ujenzi.

Hoja ya walipaji, kwamba kifaa hakijathibitika kufaa, si ya kubezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya wafanyakazi waliokuwa wakilipwa fidia katika jimbo la Washington, ambao walibaki na maumivu baada ya upasuaji wa mgongo, ulionyesha kwamba nafuu ya waliojaribiwa kifaa haikudumu zaidi ya miezi 6. Mwaka 2022 watafiti wa Norwei walichapisha jaribio la wagonjwa 50 ambao kifaa chao kiliwashwa na kuzimwa bila wao kujua, na tofauti ya maana haikuonekana. Fedha ya Mfuko wetu inatokana na michango ya waajiri, na anayeishika ana haki ya kudai ushahidi.

Kisichokubalika ni kuhama kutoka swali la kama kifaa kinafaa hadi tuhuma kwamba mgonjwa anadanganya. Mchukulie fundi rangi aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili. Ndani ya daladala anasimama hata viti vikiwa vitupu, mkono umeshika bomba, konda akimhimiza akae, kwa sababu kukaa robo saa kunamtesa kuliko kusimama safari nzima. Mfupa umeunga, na picha ya eksirei haina la kusema. Kidole kilichokatika kinahesabika kwa urahisi. Maumivu hayahesabiki hivyo, ilhali asilimia ndiyo inayoamua maisha ya mtu, maana kwa sheria yetu ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Mkupuo huo ndio unaonipa wasiwasi ninapotazama yanayotokea Marekani, ambako katika majimbo mengi mfanyakazi anaweza kupokea fedha mara moja na kuachia haki ya matibabu ya baadaye. Betri ya kipandikizi isiyochajiwa hudumu miaka michache tu. Inayochajiwa huweza kufika 10 hivi. Ikiisha haibadilishwi kama ya tochi, ni kurudi chumba cha upasuaji. Aliyewekewa akiwa na miaka 32 atahitaji nyingine karibu na 42, kisha karibu na 52, bila kuhesabu waya uliosogea au kidonda kilichoingia vijidudu. Kipandikizi cha aina ya pampu ya dawa kina mzigo mkubwa zaidi wa matunzo, kwani hujazwa tena kila baada ya wiki au miezi kadhaa, na baadhi ya dawa zake zikikatika ghafla huhatarisha uhai. Fedha ya mkupuo, tuseme kweli, kufikia hapo imeshapaua nyumba na kulipa ada za watoto, na sioni wa kumlaumu aliyeitumia hivyo.

Walipaji watasema hiyo ni ahadi isiyo na kikomo. Ni kweli, ila mahali pa kuwa wakali ni mlangoni, kwa sababu kabla ya kupandikiza mgonjwa hujaribiwa kwa siku kadhaa kwa nyaya za muda, betri ikiwa nje ya mwili. Hapo Mfuko uhoji, upime, hata ukatae. Ukishakubali kifaa kiingie mwilini, betri, marekebisho na hata upasuaji wa kukitoa viwe sehemu ya dai lile lile, hata kama asilimia ya ulemavu imeshalipwa na faili limefungwa. Mkandarasi aliyemwajiri fundi wetu atakuwa amekabidhi jengo na kuhamia mkoa mwingine, na sababu ya kuwa na mfuko wa pamoja tangu Julai 2015 ilikuwa kwamba majeruhi asilazimike kumfuata huko.