Kamongo wa Mchungaji

Baba alipotumwa na kanisa kwenda kufungua kituo kisiwani Maisome, Ziwa Victoria, mama alilia kutoka kwetu Mabatini, Mwanza, mpaka feri ya Kamanga. Upande wa pili akanyamaza, wala si kwa kufarijika: vumbi la Sengerema halimruhusu mtu kufungua mdomo. Tulifika Nyehunge wote tuna rangi moja, watu na kuku, kisha tukapakiwa kwenye mtumbwi wa injini pamoja na magodoro, Biblia na baiskeli ya baba, ambayo kule haikuwa na barabara ya kupita.

Mama akilalamika, baba alimjibu kwa historia. Mwaka 1877 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Mackay, mwenzao, fundi wa kila chuma, akafa kwa malaria kule Usambiro mwaka 1890. "Sasa wewe mwenzangu unalilia tumbili?"

Kweli alikuwa analilia tumbili. Nyumba yetu iligusana na msitu, na hao wezi walichukua mahindi, wakachukua sabuni, siku moja wakachukua sufuria ya uji wa mdogo wangu na kuturudishia mfuniko. Chatu aliingia bandani kwa kuku akiwa mwembamba, asubuhi akashindwa kutoka. Usiku viboko walipanda kutoka ziwani kula majani, kwa hiyo ukibanwa na haja saa nane, unajikaza mpaka kuche. Na ng'ambo tulikiona kisiwa cha Rubondo, ambako miaka ya 1960 Profesa Grzimek, Mjerumani mtaalamu wa wanyama, alileta sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Kaka yangu aliniaminisha kwamba wanaogelea usiku kuja kutafuta watoto wasiomaliza ugali. Sokwe hawajui kuogelea, lakini hilo nililijua ukubwani, ugali umeshaliwa wote.

Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha, na ziwani kuna mamba. Baba akajenga birika la saruji nyuma ya kanisa, kina chake kifuani kwa mtu mzima. Vijana walilijaza kwa ndoo kila Jumamosi ya kuamkia ubatizo, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Tarehe zenyewe alizipanga baba kwa kuangalia mbingu: wavuvi wa dagaa wanafanya kazi giza likiwa totoro, kwa karabai, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wanapumzika. Mbalamwezi kanisa lilifurika. Giza likirudi tulibaki akina mama, watoto, na mbuzi mmoja mwaminifu kuliko baadhi ya wazee wa kanisa.

Basi mbalamwezi moja akaja mchungaji kutoka mjini kubatiza, mtu mnene, mpole, mwenye kanzu nyeupe pe. Jumamosi jioni mzee mmoja wa kanisa, mvuvi wa ndoano, akaleta karai. Ndani yake kamongo, mzima, mrefu kama mdogo wangu.

"Mama Mwinjilisti, huyu ni kitoweo cha Mchungaji."

Mama ni mtu wa Upareni. Akaliangalia lile dude linalonyanyua pua na kuvuta hewa.

"Baba, nyumbani kwangu nyoka haingii."

"Si nyoka mama, ni kamongo."

"Mbona anapumua?"

"Anapumua kwa sababu hajafa."

Jibu hilo halikumsaidia. Mlango ukafungwa. Mzee akabaki na karai lake uani, akiwaza. Akimchinja leo, kwa joto lile na barafu hakuna, kesho atanuka. Na kamongo si samaki wa kufa ovyo. Bwawa likikauka hujifukia kwenye matope akasubiri mvua. Anachohitaji ni maji kidogo na nafasi ya kuvuta pumzi. Mzee akatazama huku, akatazama kule, akaliona birika.

Nilimwona akimtumbukiza. Akaniwekea kidole mdomoni.

Asubuhi nilimfuata baba, akaniambia mtoto wa mtumishi hapayuki Jumapili. Nikamfuata mama, akanifinya kabla sijamaliza "shikamoo".

Wa kwanza kubatizwa alikuwa mvuvi wa miraba minne, maarufu kwa gongo. Mchungaji akashuka naye birikani, akasema tufumbe macho tuombe. Mimi sikufumba. Nyuma ya mgongo wa Mchungaji pua ikachomoza, ikavuta hewa, fyoo, ikazama. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaitikia, "Amina."

Yule Mchungaji alikuwa na mtindo wa kuzamisha huku anatamka. "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana..." Jamaa akaibuka ananguruma.

"Kuna kitu kimenishika!"

"Kimeshakuachia, ndugu yangu, kwa damu ya Mwanakondoo!"

"Hakijaachia, Mchungaji! Kiko kisiginoni!"

"Pepo, toka!"

Vigelegele. Ngoma. Kwaya ikapandisha pambio, maana kisiwa kizima kilijua jamaa huyu ana mapepo ya kutosha. Na kweli kikatoka. Kikaachia kisigino, kikashika pindo la kanzu ya Mchungaji. Nilimwona akiliitia pepo "to...", halafu macho yakamtoka pima, na ule mwili wote ukapanda ukingo wa birika bila kushika popote. Kamongo alikuwa bado ananing'inia.

Baba akaja mbio na fimbo ya kondoo waliopotea. Ndipo sauti ya mzee ikatoka nyuma:

"Msimpige! Mtamharibu! Mchungaji, huyo ni wako!"

"Wangu?" akauliza Mchungaji.

Ibada ilisimama kwa muda, kwa sababu lilizuka swali zito: jamaa amebatizwa au hajabatizwa? Roho Mtakatifu alikuwa hajatajwa. Wakakubaliana arudiwe. Birikani akakataa katakata, na wenzake wakamuunga mkono. Wakasema heri mamba, mamba anajulikana. Tukateremka wote ziwani, vijana wakapiga maji kwa makasia, na Mchungaji akabatiza upesi kuliko nilivyowahi kuona, akitamka kwanza, akizamisha baadaye.

Mchana mzee alimpika kamongo mwenyewe kwa nyanya na ndimu, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekubali kumgusa. Mchungaji akashukuru sana, akaomba maharage. Sahani ikazunguka mkeka mzima bila kupata mwenyewe, mpaka yule mvuvi akachechemea kutoka mlangoni, kisigino kimefungwa kitambaa, akanawa.

"Leteni hapa," akasema. "Yeye ndiye alianza kunila mimi."