Kupanda daraja bila kuiacha baiskeli

Kwetu Tabora, mtu akifanikiwa huiacha baiskeli. Hununua pikipiki, mambo yakizidi kumnyookea hununua gari, na ile Phoenix au Hero iliyomsomeshea watoto humwachia mdogo wake aliye kijijini. Hapa Gent, Ubelgiji, ninakoishi sasa, mtu wa namna hiyohiyo mara nyingi hununua baiskeli nyingine iliyo bora kuliko ya kwanza. Mwaka huu nami nimebadilisha baiskeli yangu ya mbio, na furaha niliyoipata imenifanya niutazame upya mji wangu na namna tunavyopima maendeleo ya mtu.

Ya zamani ilikuwa ya alumini, niliyoinunua ikiwa imekwishatumika, yenye breki za kubana rimu ambazo mvua ikinyesha zilisitasita kabla ya kushika. Hii mpya ina fremu ya nyuzi za kaboni, breki za diski zinazosukumwa na mafuta, gia 12 nyuma na mbili mbele, na uzito wa takriban kilo 8. (Chama cha kimataifa cha mchezo huu hakiruhusu baiskeli ya mashindano ipungue kilo 6.8, kwa hiyo sijaachwa mbali sana na mabingwa, angalau kwenye mizani.) Hata hivyo, wepesi si kiini cha furaha yenyewe. Katika nchi tambarare, mwendo unapozidi kilomita 25 kwa saa, adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa anayoikata, na uzito hudai haki yake hasa mlimani au unapoondoka kwenye taa za barabarani. Kinachofurahisha ni kwamba nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu bila kupotelea njiani: unakanyaga pedali, na baiskeli inaitika papo hapo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni tairi. Kwa miaka mingi waendeshaji wa mbio waliamini kwamba tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi kuwa ngumu kama jiwe ndiyo yenye kasi. Leo hata timu kubwa zimehamia kwenye tairi za milimita 28 na kuendelea, zenye upepo wa wastani, kwa sababu tairi ngumu kwenye barabara isiyo laini hurukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyomwagika. Ukipita kwenye mawe ya Koppenberg, kilima cha mashindano ya baiskeli ya Flanders, hapa Ubelgiji, yaliyoanza mwaka 1913, ambako mwinuko hufikia asilimia 22, unalielewa jambo hili mwilini kabla ya kulielewa kichwani.

Tabora nako baiskeli huboreshwa, tena kwa ustadi, lakini kwa kuongeza badala ya kupunguza. Phoenix ikitoka dukani hupelekwa kwanza kwa fundi, akaifungia keria ya nondo, spoki nene na stendi ya miguu miwili inayoweza kusimamisha gunia la mkaa. Sisi ni wajukuu wa wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo, na ninadhani hesabu ile haijatutoka: chombo hupimwa kwa kile kinachobeba. Ndiyo maana nilipomwonyesha baba mdogo baiskeli yangu kwa simu ya video, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, aliikagua kwa makini kisha akauliza keria iko wapi. Nilipomtajia bei alinyamaza kidogo, akasema kwamba kwa fedha hizo kijana wa Ipuli, pale Tabora, angepata pikipiki mpya na chenji ingebaki. Kwa hesabu hakukosea hata kidogo.

Ninapotofautiana naye ni kwenye heshima. Hapa daktari na karani husimama pamoja kwenye taa, kila mmoja juu ya baiskeli yake, na hakuna anayemhurumia mwenzake. Waajiri wengi humlipa mfanyakazi posho kwa kila kilomita anayoiendesha kwenda kazini, na tangu mwaka 2017 magari yamezuiwa kukatiza moja kwa moja katikati ya mji wa Gent. Heshima hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Iliwekwa kwa njia za pembeni, kwa sheria na kwa fedha. Yako pia mambo ambayo Tabora inawashinda. Gia ikilegea huku, duka la ufundi hukupangia miadi ya wiki ijayo, wakati kwetu fundi aliye chini ya mwembe angekwisha kuimaliza kabla hujamaliza kahawa yako.

Sisemi tupeleke kaboni Tabora. Miiba ya porini na mchanga wa mitaani vingeiadhibu bure, na vipuri vyake fundi wetu angevitoa wapi? Lakini ardhi ya Unyamwezi ni tambarare, na lami sasa inatoka mjini kwenda Nzega na Sikonge. Baiskeli ya chuma au alumini yenye usukani ulioinama, tairi za milimita 35, gia chache na mahali pa kufungia keria ingemfikisha mwalimu au muuguzi kazini bila kumchosha, na Jumapili ingemtoa hadi bwawa la Igombe kwa starehe tu. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani, ya kinara wa pointi, ya Tour de France hadi mwisho wa mashindano mjini Nice, na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa jirani zetu kabisa. Waendeshaji wenye miguu imara tunao tele. Wanapita kila asubuhi na mkaa mgongoni mwa baiskeli, wakisukumiwa na mabasi ukingoni mwa lami. Kama wanaopanga barabara wangewaachia mita moja na nusu ya lami upande wa kushoto, na wafanyabiashara wetu wakaagiza, pamoja na keria, kaseti za gia (seti za gia za gurudumu la nyuma) na nyaya zake, baba mdogo angekuwa na la kulinganisha atakaponiuliza tena habari za bei.